MTAMBO WA KUKENEKA MAFUTA: TUUNDE AU TUNUNUE?

Kila kikundi cha ushirika kinachokeneka mafuta ya mimea hufikia siku ambapo pipa lile la kwanza halitoshi tena. Mchaichai umestawi shambani, wanunuzi wa sabuni wameizoea harufu yake, lakini mafuta yanayotoka ni machache na rangi yake haipendezi. Hapo wanachama hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza husema: tukusanye akiba, tuombe mkopo, tuagize mtambo kamili kutoka ng'ambo. Fungu la pili husema: tumwite fundi wetu, atuchomelee pipa jingine lililo kubwa zaidi. Wa kwanza huitwa wapenda makuu, na wa pili huitwa wabahili. Sisi twaona kwamba mafungu yote mawili yametangulia kutoa jawabu kabla ya kulifahamu swali.

Jambo hili si dogo. Fedha inayozungumzwa aghalabu si ya mtu mmoja. Ni hisa za kina mama waliouza mwani na dagaa, au ni mkopo uliotoka katika mfuko wa umma. Mtambo unaweza kushindwa kazi, lakini deni halishindwi. Hubaki palepale likidai. Na kikundi kikivunjika kwa sababu ya deni, haipotei fedha peke yake. Hupotea pia ile imani ya watu kwamba wao kwa wao wanaweza kufanya jambo likasimama. Kwa hiyo ni wajibu wetu kulitazama suala hili kwa utulivu, kwa hesabu, na bila ya ushabiki.

ELIMU ISIYO NGENI

Kwanza tuondoe dhana moja. Wako wanaodhani kwamba kukeneka ni elimu ya viwanda vikubwa vya Ulaya, na kwamba mtu wa kisiwani hawezi kuifanya ila kwa kuletewa. Dhana hiyo ni potofu. Katika karne ya 9, mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad aliandika kitabu kizima juu ya utengenezaji wa manukato na ukenekaji. Jina la chombo cha kukenekea katika lugha nyingi za Ulaya latokana na neno la Kiarabu al-anbiq, ambalo Waarabu nao walilipata kwa Wayunani. Na katika milima ya Jabal Akhdar nchini Oman, watu walikeneka maji ya waridi kwa vyungu vya udongo na bakuli za shaba, moto wa kuni chini, maji baridi juu, kabla ya mtambo wowote wa kiwandani kufika huko. Maji hayo ya marashi wazee wetu wa Unguja na Pemba wakiyajua vizuri, harusini na mazikoni.

Lakini mfano wa Oman una funzo la pili. Wengi wa wakenekaji wa huko leo wamehamia kwenye vyombo vya chuma kisichoshika kutu na moto wa gesi, kwa sababu maji yake hutoka meupe na kazi huwa nyepesi. Wengine wameshikilia vyungu, kwa sababu wako wanunuzi waipendao ile harufu ya moshi. Kila upande unajua unachokiuza na unamuuzia nani. Hapo ndipo hekima ilipo: chombo hufuata soko, soko halifuati chombo.

Visiwani kwetu tunacho pia Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, Chake Chake, ambacho kimeonyesha kwamba vikonyo vya karafuu vyaweza kuzaa mali. Hapa yapasa tuseme wazi kwamba karafuu na makonyo yake ni zao lenye sheria zake, na njia ya kuliuza ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Asidhani mtu kwamba makala haya yanampa ruhusa ya kutia makonyo katika pipa nyuma ya nyumba. Tunayoyazungumza hasa ni mchaichai, majani ya mdalasini, kivumbasi, mkaratusi na langilangi. Karafuu tutaitaja kwa sababu ya mafunzo yake tu, na atakayetaka kuikeneka na aanze kwa kibali.

HESABU KABLA YA CHUMA

Kazi ya mtambo ni hii. Maji huchemka, mvuke hupita katika majani na kuyabeba mafuta, kisha mvuke huo hupozwa katika bomba ukawa maji tena, na mafuta hujitenga na maji ndani ya chombo cha mwisho. Basi mtambo una viungo vinne: tanuri, chombo cha majani, kipozeo na kitenganishi. Kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua mafuta yatatoka kiasi gani. Kuongeza ukubwa wa kiungo kisichokuwa na kasoro ni sawa na kupanua mlango wa nyumba isiyo na wageni.

Tuchukue pipa la kawaida la lita 200. Likishindiliwa vizuri huingia mchaichai mbichi wa kilo 40 hivi. Mchaichai mbichi hutoa mafuta ya baina ya gramu 2 na gramu 5 kwa kila kilo, kwa kutegemea aina, umri na majira. Tukishika gramu 3, pipa moja litatoa gramu 120. Kikundi kikikeneka mara 20 kwa mwezi, kitapata kilo 2 na gramu 400, na kwa hizo kitakuwa kimevuna, kimebeba na kimekatakata majani ya kilo 800. Hesabu hii ndiyo ya kuwekwa mbele ya mkutano kabla ya mtu yeyote kutaja bei ya mtambo. Anayetaka chombo cha lita 500 lazima ajiulize kwanza kama shamba lake litatoa kilo 100 za majani kwa kila mkupuo, na mchaichai huchukua miezi miwili mitatu kuchipua hata ukafaa kukatwa tena. Mtambo mkubwa wenye shamba dogo ni jahazi la tani nyingi lililokwama katika kijito.

Baada ya shamba, hutazamwa maji. Kila lita moja ya mvuke uliopozwa hadi ukawa maji ya uvuguvugu huacha joto la kupandisha lita 15 za maji kutoka nyuzi 28 hadi nyuzi 68. Mkupuo mmoja unaotoa lita 30 za maji na mafuta wataka basi lita 450 za maji ya kupozea. Kikundi kilichotia bomba lake katika ndoo mbili za maji, ambayo baada ya nusu saa huwa ya moto, hakina haja ya pipa kubwa. Kinapoteza mafuta hewani kila siku, na harufu nzuri iliyojaa kibandani, ambayo wanachama huifurahia, ndiyo mali yao inayoruka. Tiba yake ni tangi au birika la lita 1,000 la kukingia mvua, na bomba refu zaidi. Maji hayo hayapotei. Yakipoa usiku hutumika tena kesho. Maji ya bahari hayagharimu kitu, lakini chumvi hula mabomba, hata yale yanayosifiwa kuwa hayali kutu.

Kisha zitazamwe kuni. Kilo moja ya kuni kavu ina joto ambalo, lau lote lingeingia katika maji, lingegeuza lita zaidi ya tano kuwa mvuke. Juu ya mafiga matatu yaliyo wazi kwa upepo wa bahari, ni vigumu kupata hata lita moja. Tanuri lililojengwa kwa mawe na udongo, lenye mlango mdogo, chanja ya kuni na bomba la moshi, hupunguza kuni karibu kwa nusu, na gharama yake ni jasho zaidi kuliko fedha. Majirani zetu wa Visiwa vya Ngazija wameliona jambo hili kwa uchungu. Langilangi yao, inayotaka kilo 40 hadi 50 za maua kwa kilo moja ya mafuta na saa nyingi za moto, imekula miti mingi, hasa kisiwani Nzwani. Huko matanuri yaliyoboreshwa yamekuwa sehemu ya kuuokoa msitu. Sisi ambao misitu yetu ni kama ya Jozani na Ngezi, inayoweza kuzungukwa kwa miguu, hatuna ruhusa ya kujifunza somo hilo kwa kuchelewa.

NINI KIUNDWE, NINI KINUNULIWE

Sasa twaweza kulirudia swali letu. Kauli yetu ni kwamba haifai kuunda kila kitu, wala haifai kununua kila kitu. Umbo liundwe hapa. Madini na vipimo vinunuliwe.

Tanuri liundwe hapa, kwani hakuna meli inayopaswa kubeba mawe na udongo. Tangi la kupozea liundwe hapa, kwani mafundi wetu wa saruji wamejenga mabirika tangu zamani. Chanja ya ndani inayoyainua majani yasiguse maji yaundwe hapa pia. Kitenganishi chaweza kuundwa na fundi bati yeyote aliye makini, madhali ameelezwa jambo moja ambalo wengi hawalijui: mafuta ya mchaichai huelea juu ya maji, lakini mafuta ya karafuu huzama chini. Kitenganishi kinachofaa la kwanza hukosa la pili. Mtu asiyejua hivyo huweza kumwaga mafuta akidhani anamwaga maji. Kazi hiyo haihitaji mashine. Yahitaji fundi aelezwe, naye aelewe.

Lakini chombo cha majani na bomba la kupozea ni habari nyingine. Pipa la chuma cheusi hushika kutu, na kutu huingia katika mafuta. Mafuta yenye yujenoli, kama ya karafuu na ya majani ya mdalasini, yakigusa chuma hugeuka rangi yakawa meusi, na mnunuzi hupunguza bei kabla hajanusa. Bati lenye zinki halifai. Risasi ya kulehemia ni sumu na isikaribie njia ya mvuke. Mpira wa kuzibia hutoa harufu yake, na baadhi ya plastiki huyeyushwa na mafuta haya haya yanayotakiwa kuhifadhiwa humo. Na pipa lililowahi kubeba dawa ya wadudu halisafiki kwa kuoshwa hata mara mia. Anayelitumia anauza sumu kwa jina la manukato.

Basi fedha ya kikundi, ikiwa haba, inunue kwanza bamba na bomba la chuma kisichoshika kutu, kipimajoto kizuri, mizani ya kweli na chupa nyeusi za kioo. Bamba hilo likikatwa, likakunjwa na kuchomelewa hapa nyumbani na fundi aliyejifunza kuchomelea chuma cha namna hiyo, kikundi kitakuwa na chombo cha kudumu, na kitamjua aliyekitengeneza. Siku mshono utakapovuja, fundi ataitwa kwa miguu. Mtambo wa kuagizwa ukipasuka pete yake moja ya kuzibia, huweza kulala miezi mitatu ukingojea kipande kisichotimia uzito wa karafuu kumi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

WAKATI WA KUNUNUA

Hata hivyo tusiwe watumwa wa kauli zetu wenyewe. Kujitegemea si kukataa kila kinachotoka nje. Ni kujua unachokitaka na kwa nini. Uko wakati ambapo mtambo kamili ufaao kununuliwa ni bora kuliko wa kuundwa. Ikiwa mnunuzi ameandika mkataba wa kudumu, akataja ubora anaoutaka, na ubora huo haufikiwi na chombo kilichopo. Ikiwa shamba limekwisha panuliwa, na viungo vingine vitatu vimekwisha rekebishwa. Ikiwa kuna mvuke unaotengenezwa mbali na majani kwa birika maalumu, kazi ambayo kwa hatari yake haimfai fundi wa kubahatisha: hapo na inunuliwe, bila ya aibu.

Lakini anayenunua asisome bei iliyoandikwa katika karatasi ya muuzaji tu. Ajumlishe nauli ya meli, bima, ushuru, bandari, gari la kufikisha kijijini, na vipuri vya miaka mitatu. Aulize: vipuri vyapatikana wapi? Maelezo yameandikwa kwa lugha gani? Nani atawafundisha wanachama, na kwa siku ngapi? Wataka umeme kiasi gani, na umeme ukikatika katikati ya mkupuo itakuwaje? Muuzaji anayekasirishwa na maswali haya amekwisha yajibu.

Na lipo jaribio jepesi ambalo tungelipenda kila kikundi kilifanye. Kabla ya kutia saini, wakeneke kwa miezi mitatu kwa chombo walicho nacho, wakiandika katika daftari uzito wa majani, uzito wa kuni, lita za maji, saa za moto, na gramu za mafuta. Daftari hilo halidanganyi. Litawaonyesha kama wanapungukiwa na chombo, au maji, au kuni kavu, au majani, au pengine mpangilio wa kazi. Kikundi kisichokuwa na daftari hakijui kinachohitaji, na asiyejua anachohitaji huuziwa anachohitaji muuzaji.

USALAMA KWANZA

Hapa hatuna budi kutoa onyo. Wanaounda wenyewe hupenda kukaza kifuniko ili mvuke usitoroke. Kifuniko cha pipa ni kipana na ni bapa. Mgandamizo mdogo wa sehemu moja tu ya kumi ya ule wa hewa hukisukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 250. Ikitokea jani likaziba bomba, pipa hilo si chombo tena. Ni bomu jikoni, na wanaosimama karibu nalo ni kina mama na watoto. Kwa hiyo bomba la kutolea mvuke liwe pana, chujio liwekwe mahali pake, na kifuniko kizibwe kwa kinyunga cha unga, ambacho mgandamizo ukizidi huachia kabla ya chuma kupasuka. Nacho ni salama kuliko bolti za kukaza zisizo na valvu.

Liko na jambo la sheria. Pipa, bomba na moto kwa sura havina tofauti na vyombo vya kukenekea pombe haramu. Hatusemi hivi ili kuwatisha wananchi waaminifu, bali ili wajilinde. Kikundi kimjulishe sheha wa shehia yake, kijisajili, kiweke mtambo mahali peupe, na kisimpe mtu yeyote nafasi ya kukiazima usiku. Jina jema la ushirika likichafuliwa mara moja, harufu ya mchaichai haitoshi kulisafisha.

KWA WAHUSIKA SERIKALINI

Yaliyobaki twayaelekeza kwa viongozi na maofisa. Ni rahisi kuhesabu mitambo iliyogawiwa na kuyaweka majina yake katika taarifa ya mwaka. Ni vigumu zaidi, lakini ni haki zaidi, kuhesabu mitambo inayofanya kazi mwaka wa tatu baada ya kugawiwa. Tunaomba taarifa za namna hii ya pili ziwe ndizo kipimo cha kazi.

Tunaomba pia mambo matatu. La kwanza, vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, pamoja na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, vitumiwe kutoa michoro ya mtambo wa kijijini na kuwafundisha vijana kuchomelea chuma kisichoshika kutu, ili fundi asiwe wa kutafutwa mjini. La pili, Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) ivisogelee vikundi vidogo kwa vipimo vya bei nafuu, kwani mafuta yasiyopimwa hayana mnunuzi wa kweli, na kikundi kisichojua ubora wa mafuta yake hakiwezi kujua kama chombo chake ndicho kibaya. La tatu, anayetoa mkopo wa mtambo aulize kwanza lile daftari la miezi mitatu. Kumnyima mtu mkopo asiouweza kuulipa si ukatili. Ukatili ni kumpa, kisha kumfuata na polisi.

Kwa wanaushirika wenyewe, tunaufupisha mpango wetu hivi. Anzeni na maji ya kupozea. Fuatisheni tanuri. Kisha rekebisheni kitenganishi. Ndipo mbadilishe chombo cha majani, kwa madini bora mtakayoyanunua na kwa mikono ya fundi mnayemjua. Mtambo kamili wa ng'ambo uwe wa mwisho, na uje siku ambayo shamba, soko na daftari vyote vitatu vimeuita. Aliyefika huko kwa kufuata ngazi hizi ataununua akijua kila kiungo chake na kazi yake, na hata ukiharibika atajua pa kushika. Lakini aliyeruka ngazi huwa amenunua sanduku zuri lililofungwa, na ufunguo wake umebaki kwa aliyemuuzia.